Joe Nuxhall: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtoto wa miaka 15 aliyegeuka sauti ya Cincinnati

Waswahili wanaofuatilia besiboli ya Marekani hawapungui siku hizi, na wengi wao wakishakutana na jina la Joe Nuxhall hubaki na maswali yale yale. Wengine wanaulizia ule mchezo wa mwaka 1944, wengine redio, na kuna wanaotaka tu kujua kama habari ile ni ya kweli au ni chumvi ya wapenzi wa timu. Haya hapa majibu.

Joe Nuxhall alikuwa nani?

Alikuwa mrushaji wa Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya besiboli iliyoko jimbo la Ohio, kisha akawa mtangazaji wa redio wa timu hiyo hiyo. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1928 Hamilton, mji wa viwanda ulio kaskazini ya Cincinnati, na akafariki tarehe 15 Novemba 2007 Fairfield, mji wa pua na mdomo na Hamilton. Kwa hiyo ukiondoa safari za kazi, maisha yake yote aliyamalizia ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa gari asubuhi ukarudi kwa chakula cha mchana.

Watu wanamkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba alirusha mpira katika ligi kuu akiwa na miaka 15, miezi 10 na siku 11. La pili ni kwamba alikaa redioni kuanzia 1967 hadi 2004, na kizazi kizima cha watu wa kusini mwa Ohio, Kentucky na Indiana kilikua kikimsikiliza.

Niseme mapema: hakuwa miongoni mwa warushaji wakubwa kabisa, na kama mtangazaji wala hakuwa na ile sauti ya kuchongwa. Wapo waliorusha vizuri kuliko yeye na wapo waliosema vizuri kuliko yeye. Ila sijaona wengi waliopendwa na mji mmoja kwa kiasi kile, na kwa maoni yangu hilo lilianza siku alipoharibu mbele ya kila mtu.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Mrushaji hufanya nini?

Mrushaji husimama katikati ya uwanja juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.4 kutoka kwa mpigaji wa timu pinzani mwenye gongo. Kazi yake ni kurusha mpira mdogo mgumu upite kwenye eneo ambalo mpigaji anaweza kuufikia, lakini kwa kasi au kwa kona inayomfanya aukose. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mrushaji akirusha mipira minne mibovu nje ya eneo, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea taratibu kama anayekwenda sokoni. Uwanja una vituo vitatu, na ukivizunguka vyote ukarudi nyumbani ulikoanzia, timu yako imepata mkimbio mmoja. Watu watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Wanafanya hivyo kwa awamu 9.

Aliyewahi kuangalia kriketi ataelewa haraka, tofauti ni kwamba huyu hakimbii kabla ya kurusha na mpira haudundi chini. Jambo jingine la kukumbuka: mrushaji wa mashoto hutafutwa sana, kwa sababu mpira wake unatokea pembe ambayo wapigaji wengi hawajaizoea. Nuxhall alikuwa wa mashoto.

Ilikuwaje mtoto wa shule akaingia ligi kuu?

Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kufikia 1944 mamia ya wachezaji wa ligi kuu walikuwa jeshini, na timu zilikuwa zinaokota yeyote anayeweza kushika mpira: wazee waliokwisha kustaafu, watu waliokataliwa na jeshi kwa sababu za afya, na vijana wadogo. Mwaka uliofuata timu ya St. Louis Browns ilimchezesha Pete Gray, ambaye alikuwa na mkono mmoja tu. Ndiyo hali ilivyokuwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kwamba wasaka vipaji wa Reds hawakwenda Hamilton kumtafuta Joe. Walimfuata baba yake, Orville, ambaye naye alikuwa mrushaji kwenye ligi ya Jumapili ya pale mjini. Orville alikuwa na watoto watano wa kulisha, na mshahara wa timu ndogo za kuanzia haukuwa wa kumtoa mtu kwenye kazi yake. Akakataa. Wale jamaa wakageuka kumwangalia kijana wake, mrefu wa karibu mita 1.9, anayerusha kwa nguvu ingawa mpira ulikuwa hujui utaangukia wapi. Wakamsajili yeye.

Alisaini mapema 1944, shule ikiwa bado inaendelea. Makubaliano yakawa asubiri afunge shule ndipo akae na timu moja kwa moja, kwa hiyo miezi ile ya mwanzo alikuwa anakalia daftari siku za wiki na benchi la ligi kuu pale ratiba inaporuhusu.

Nini hasa kilitokea tarehe 10 Juni 1944?

Ilikuwa Jumamosi, siku nne tu baada ya majeshi ya Marekani na washirika wake kutua Normandy. Mioyo ya watu ilikuwa Ufaransa. Crosley Field, uwanja wa Reds wa wakati huo, walikuja watazamaji wapatao 3,500, na waliokuja waliona kichapo: Reds walikuwa nyuma 13 kwa bila mbele ya St. Louis Cardinals, timu ambayo mwaka huo ndiyo iliyokuja kutwaa ubingwa wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu.

Awamu ya 9 ilipofika, kocha Bill McKechnie akamwita kijana apashe misuli. Mechi ilikuwa imeshaharibika, kumjaribu hakukuwa na hasara. Nuxhall akasimama, na alipokuwa akitoka benchini akajikwaa kwenye ngazi akaanguka kifudifudi mbele ya watu. Akajipangusa, akapanda kilimani.

Alianza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mpigaji wa kwanza, George Fallon, akatolewa. Wa pili, Mort Cooper, ambaye ni mrushaji mwenzake na si mpigaji wa kutisha, akapewa kituo cha bure. Wa tatu akatoka. Watu wawili chini, amebaki mmoja tu arudi benchini na hadithi ya kuwasimulia wenzake darasani.

Kisha akampa mwingine kituo cha bure, na alipotupa jicho kuona nani anafuata akamwona Stan Musial. Kwa asiyemjua: Musial alikuwa bingwa wa kupiga wa ligi ya National (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) mwaka uliotangulia, na hadi anastaafu alikuwa na vipigo 3,630, yaani mipira aliyoipiga ikamfikisha kituoni salama. Nuxhall alisimulia kwa miaka mingi baadaye kwamba wiki chache kabla ya hapo alikuwa anawarushia watoto wenzake wa miaka 13 na 14, ghafla anainua macho anamkuta Musial. Miguu ikafa ganzi. Musial akapiga, mkimbio ukaingia, na kuanzia hapo kijana hakuweza tena kuuona ulipo mlango. Bure, bure, bure, na kipigo kingine katikati.

McKechnie akaja kumtoa. Hesabu yake ya siku ile: watu wawili aliowatoa, vipigo viwili, vituo vitano vya bure, mikimbio mitano. Mechi ikaisha 18–0. Kwa kanuni ya kupima warushaji, ambayo huhesabu mikimbio anayofungwa mtu kwa kila awamu 9, wastani wake ulisomeka 67.50. Mrushaji mzuri huwa chini ya 3.50. Namba hiyo ikakaa mbele ya jina lake kwa miaka 8.

Baada ya hapo alifanya nini? Ni kweli alirudi shule?

Kweli kabisa. Reds walimpeleka timu ya chini huko Birmingham, Alabama, na mambo yakawa yale yale, hakumaliza hata awamu moja. Akarudi Hamilton kusoma. Alicheza tena kidogo kwenye ligi za chini, kisha akaomba aondolewe kwa muda kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa ili mwaka wake wa mwisho wa sekondari, 1945 hadi 1946, acheze na wanafunzi wenzake. Akang'ara kwenye kikapu na kwenye futiboli ya Kimarekani. Fikiria mwalimu wa michezo anapokea mwanafunzi ambaye tayari amemrushia mpira Stan Musial.

Baada ya shule akaanza kupanda ngazi moja moja kwenye ligi ndogo, kwenye mabasi ya usiku na hoteli za bei poa, mwaka baada ya mwaka. Aliporudi ligi kuu ilikuwa 1952 na alikuwa na miaka 23. Wengi wanaokutana na kisa cha 1944 hudhani kiliishia pale, wakati kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Je, alikuja kuwa mrushaji mzuri?

Ndiyo, wa kuaminika, na kuna misimu alikuwa zaidi ya hapo. Mwaka 1955 alishinda mechi 17 na akaongoza ligi ya National kwa mechi alizozimaliza bila kufungwa hata mkimbio mmoja, mechi 5. Aliteuliwa kwenye timu ya nyota wa ligi 1955 na 1956. Jumla ya maisha yake uwanjani ni ushindi 135 na kushindwa mara 117, wastani 3.90. Kuutoa wastani kutoka 67.50 hadi 3.90 ni kazi ya miaka kumi na tano.

Lakini usimwone malaika. Alikuwa na hasira za karibu na benchi likimjua: akitolewa mchezoni vibaya, vitu vilirushwa. Msimu wa 1960 aliumaliza na ushindi mmoja na kushindwa mara 8, na mashabiki wa nyumbani, hao hao waliomwona akikua, wakawa wanamzomea kila anapotokeza. Timu ikambadilisha na wachezaji wa Kansas City Athletics. Mwaka uliofuata, 1961, Reds bila yeye wakachukua ubingwa wa ligi ya National na kucheza World Series, wakafungwa na New York Yankees. Alikuwa amekaa nao karibu muongo mzima akiusubiri mwaka kama huo, na ulipokuja yeye alikuwa Kansas City.

Kansas City wakamwacha. Akapita Los Angeles Angels kidogo, nako wakamwacha. Ilikuwa kama imekwisha. Reds wakamchukua tena 1962, akiwa na miaka 33, umri ambao mrushaji wa wakati huo alishaanza kufikiria kufungua duka. Mwaka 1963 akashinda mechi 15, akapoteza 8, wastani 2.61, msimu bora kuliko yote aliyocheza. Alidumu hadi 1966. Kwa warushaji wa mashoto, mechi zake 484 bado ndizo nyingi zaidi katika historia ya Reds.

Aliingiaje kwenye utangazaji?

Aprili 1967, kambi ya mazoezi ikiwa inafikia mwisho, alistaafu kucheza na akahamia kibanda cha redio msimu huo huo. Hakusomea. Hakupita chuo cha uandishi wa habari wala kituo kidogo cha mkoani. Ilikuwa jambo la kawaida pale Cincinnati kwa mrushaji mzee kuketi nyuma ya maikrofoni, maana Waite Hoyt alikuwa ameitangazia Reds kuanzia 1942 hadi 1965. Hoyt alikuwa mrushaji wa Yankees wa miaka ya 1920, mwenzake Babe Ruth, mpigaji maarufu kuliko wote wa zama hizo, na mvua ikisimamisha mchezo alikuwa anasimulia visa vya Ruth hadi watu wakaiombea mvua iendelee. Alikuwa na tabia yake ya kutangaza kwa wakati uliopita: mpira ulirushwa, aliupiga, ulikwenda kushoto. Hoja yake ilikuwa kwamba anaposema, jambo limeshatokea.

Kiti hicho si cha kukirithi mtu mwoga. Na Cincinnati ni mji wa redio tangu zamani: Powel Crosley, aliyeinunua Reds 1934, alikuwa mtengeneza redio na mwenye kituo cha WLW, ambacho katika miaka ya 1930 kiliwahi kurusha kwa nguvu ya wati 500,000. Hata baada ya serikali kuirudisha hadi wati 50,000, WLW usiku ilisikika majimbo mengi ya mbali. Nuxhall alipotangaza kupitia kituo hicho, aliyekuwa anamsikia hakuwa mtu wa Cincinnati peke yake. Alikuwa pia mkulima wa milima ya Kentucky na dereva wa lori anayekata usiku.

Kwa nini warushaji wengi hugeuka watangazaji?

Orodha ni ndefu: Dizzy Dean, Don Drysdale, Jim Palmer, Don Sutton, Jim Kaat, Dennis Eckersley, John Smoltz. Wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kuipokea mipira, nao wapo, lakini warushaji wana jambo moja la ziada. Mrushaji anayeanza mechi hufanya kazi siku moja halafu hukaa siku tatu au nne akiuponya mkono. Siku hizo anaketi benchini anatazama. Anawatazama wapigaji, anawasoma, anabishana na mwenzake kuhusu mpira gani ungefaa. Kwa miaka kumi na tano hivyo, mtu ameshakuwa mchambuzi bila kujua.

Kuna na suala la kushindwa. Kila kosa la mrushaji huandikwa kwa jina lake. Hata timu nzima ikishindwa, kushindwa huko huandikiwa mrushaji mmoja. Aliyepitia hapo hamcheki kirahisi anayezama.

Sauti yake redioni ilikuwaje?

Nzito, ya taratibu, yenye lafudhi ya nyumbani. Alikuwa ananyamaza. Mara nyingine ungesikia kelele za uwanja na muuza karanga kwa sekunde kadhaa, hakuna anayesema, na hakuwa na wasiwasi wa kuujaza ukimya huo. Wataalamu wa redio wangemkata alama hapo. Wasikilizaji walijihisi wameketi naye.

Na alikuwa mshabiki waziwazi. Mpigaji wa Reds akiugonga mpira juu, Nuxhall alikuwa anaubembeleza utoke nje ya uwanja, sauti ikipanda kadiri mpira unavyopanda. Ukianguka mikononi mwa mpinzani, masikitiko yalisikika kabla ya maneno.

Kati ya 1971 na 1973 alitangaza na kijana aitwaye Al Michaels, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa wa michezo Marekani. Michaels alipoondoka, 1974, akaja Marty Brennaman kutoka Virginia. Mapema tu kwenye mechi za mazoezi huko Tampa, Brennaman aliwakaribisha wasikilizaji Al Michaels Field, wakati uwanja ule uliitwa Al Lopez Field. Mwanzo mbaya, na ulikuwa karibu na mtu sahihi, kwa sababu Nuxhall katika mambo ya mwanzo mbaya alikuwa profesa.

Mechi rasmi ya kwanza waliyotangaza pamoja, tarehe 4 Aprili 1974, Hank Aaron, mpigaji wa Atlanta Braves, aligonga mpira wake wa 714 nje ya uwanja na kuifikia rekodi ya Babe Ruth. Baada ya hapo wakakaa pamoja misimu 31. Watu hawakusema wanasikiliza Reds, walisema wanasikiliza Marty na Joe. Brennaman alikuwa mwepesi wa ulimi na mkosoaji, timu ikicheza ovyo anasema ovyo. Nuxhall alikuwa upande wa pili, anatafuta kwa nini kijana fulani kakosa. Mchezo ukipoa waliongea gofu na nyanya za bustanini kwa Joe. Nyanya kabisa: zimeiva au bado, za mwaka huu zikoje. Asiyeijua besiboli atashangaa, lakini mchezo huu una nafasi nyingi za kimya, na mtangazaji anapimwa kwa anachofanya nazo.

Walikuwa watangazaji wa Reds timu ilipotwaa World Series ya 1975, 1976 na 1990. Walikuwepo tarehe 11 Septemba 1985 Pete Rose alipopiga kipigo chake cha 4,192 na kuivunja rekodi ya Ty Cobb ya vipigo vingi zaidi. Rose na Nuxhall walikuwa wamecheza pamoja, Rose akiwa mgeni wa mwaka wa kwanza 1963.

Hakuwahi kujiingiza matatani hewani?

Aliwahi. Aprili 30, 1988, Rose akiwa kocha wa Reds alimsukuma mwamuzi Dave Pallone baada ya uamuzi uliochelewa na kuwagharimu mkimbio. Mashabiki wakaanza kurusha vitu uwanjani, hata redio ndogo zilitua kwenye nyasi. Juu kibandani Marty na Joe walikuwa wanamshambulia mwamuzi kwa maneno makali, na wengi wa waliokuwa uwanjani walikuwa na redio masikioni. Wakuu wa ligi wakawaita wote wawili New York kujieleza. Rose alifungiwa siku 30.

Hapo sina la kumtetea. Mapenzi kwa timu ndiyo yaliyompa wasikilizaji, na siku ile mapenzi hayo hayo yalimzidi.

Ni kweli aliendelea kurusha mpira hata baada ya kuwa mtangazaji?

Kweli. Kwa miaka mingi alikuwa anafika mapema, anavaa sare, anawarushia wapigaji mipira ya mazoezi, kisha anaoga na kupanda kibandani kutangaza. Kwa hiyo aliposema hewani kwamba fulani mkono wake unachelewa wiki hii, alikuwa amemwona kwa karibu mchana ule ule, akiwa yeye mwenyewe ndiye anayemrushia. Watangazaji wa leo wana takwimu nyingi kuliko yeye, lakini hiyo hawana.

Aliagaje wasikilizaji?

Kila alipofunga kipindi alijitambulisha kuwa ni mzee wa mashoto, anapinda kituo cha tatu anaelekea nyumbani. Ndiyo safari ya mkimbiaji anayekaribia kupata mkimbio. Kwa kuwa yeye kweli alikuwa anakwenda zake Fairfield usiku ule, haikusikika kama mbwembwe. Maneno hayo sasa yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa nje wa uwanja wa Reds.

Kwa nini hayumo kwenye jumba la heshima la besiboli lililoko Cooperstown, New York?

Kama mchezaji, ushindi 135 hautoshi, na sidhani kama yuko anayebisha. Kama mtangazaji, ipo tuzo ya Ford C. Frick inayotolewa na jumba hilo. Brennaman aliipata mwaka 2000. Nuxhall aliongoza kura za mashabiki mtandaoni mwishoni mwa 2007, wengi wakipiga kura siku zile zile za msiba wake, akaingia kwenye orodha ya mwisho, lakini tuzo ya 2008 ikaenda kwa Dave Niehaus wa Seattle. Wapo wasiomkubali kwa sababu ya ukimya wake na ushabiki wake hewani. Mimi ningempa, ila naelewa hoja yao. Kwenye jumba la heshima la Reds wenyewe alishaingizwa tangu 1968.

Rekodi yake ya umri inaweza kuvunjwa?

Hakuna mdogo kuliko yeye aliyecheza ligi kuu tangu karne ya 20 ianze. Kwa kanuni za sasa haitavunjwa: kijana wa Marekani husubiri amalize sekondari ndipo timu ziruhusiwe kumchagua, na wa nchi za nje husajiliwa kuanzia miaka 16, tena huanzia ligi za chini. Ingebidi kanuni zibadilike.

Aliondokaje redioni, na alifariki kwa nini?

Aliacha kazi ya kudumu mwisho wa msimu wa 2004, miaka 60 tangu asaini karatasi ya kwanza na Reds. Baada ya hapo alikuwa anakaribishwa kutangaza mechi chache chache. Afya ilikuwa imemsumbua muda mrefu: saratani ya tezi dume mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshtuko wa moyo 2001, kisha saratani nyingine mwaka wa mwisho. Alikuwa na miaka 79. Msimu wa 2008 wachezaji wa Reds walivaa kiraka cheusi chenye jina la utani NUXY.

Nikiwa Cincinnati, niende wapi kuona kumbukumbu zake?

Anza na uwanja wenyewe, Great American Ball Park, kando ya mto Ohio. Anwani yake rasmi ni 100 Joe Nuxhall Way, kwa hiyo hata ukimwandikia dereva wa teksi umeshamtaja. Mbele ya lango kuu, sehemu inayoitwa Crosley Terrace, kuna sanamu zilizopangwa kama mchezo unaendelea: Nuxhall anarusha, Frank Robinson ameshika gongo, Ernie Lombardi amechuchumaa kudaka, na Ted Kluszewski anasubiri zamu yake. Hawa hawakucheza pamoja wote wanne, Lombardi ni wa zamani zaidi, lakini picha inapendeza na watoto huipanda bila kukemewa.

Pembeni ya uwanja kuna makumbusho ya Reds, ambayo unaweza kuyaingia hata siku isiyo na mechi.

Ukiwa na gari, nenda Fairfield kwenye viwanja vya Joe Nuxhall Miracle League, vilivyofunguliwa 2012 kwa juhudi za familia yake na wachangiaji. Ni vya watoto na watu wazima wenye ulemavu. Hakuna udongo wala vituo vilivyoinuka. Sakafu yote ni laini na tambarare ili kiti cha magurudumu kipite na atakayeanguka asiumie. Kila mchezaji hupata zamu ya kupiga, na kila mmoja hupewa msaidizi wa kukimbia naye. Nenda Jumamosi katika msimu, siku za katikati ya wiki unaweza kukuta geti limefungwa.